Jiwe Lililoangalia Lango

27 Aprili, Jumapili

Leo wameliteremsha jiwe la msalaba kutoka kwenye mdomo wa Korongo Kiziwi na kulileta bustanini. Mji mzima wa Arpakert ulitoka kutazama, utadhani hakuna aliyeacha chungu motoni. Aliyeliteremsha ni mwanangu Vahagn. Yeye ni dereva wa winchi kule machimboni, na meya alimtaja kwa jina mbele ya watu. Nilijikaza uso, lakini moyoni nilijaa fahari.

Jiwe ni refu kuliko mtu. Limechongwa upande mmoja tu, msalaba katikati na nakshi zilizosukwa kuuzunguka kama ususi wa mkeka. Nyuma ni jiwe tupu. Limekaa kule juu tangu enzi ambazo hakuna anayezijua, uso wake ukitazama korongoni, magharibi, na sisi wa mjini likitupa mgongo. Wazee huliita Jiwe la Ghadhabu. Liliwekwa kuzuia ghadhabu, wanasema, ila ghadhabu ya nani, kila mtu ana yake. Nimefundisha historia maisha yangu yote na sina ya kwangu.

Meya Hrayr alikuwa mwanafunzi wangu, mvivu mwenye tabasamu zuri. Ameniomba niandike historia fupi ya bustani, isomwe siku ya ufunguzi, Sikukuu ya Maji mwezi wa saba. Nikamwambia nitaandika akiniahidi hatabadilisha neno. Akacheka, akaniahidi.

30 Aprili

Joto la ajabu kwa mwezi huu. Nimemnunulia mjukuu soksi, ingawa hatazaliwa hadi mwisho wa Agosti. Mkwe wangu Nazeli amezificha, eti si vizuri kumtangulia mtoto.

2 Mei

Nimeanza kuandika. Bustani yetu ilianza kama kanisa dogo lenye makaburi. Wakati wa Wasovieti kanisa likabomolewa, makaburi yakasawazishwa, pakapandwa miti na pakajengwa jukwaa la dansi. Mama yangu aliposwa kwenye jukwaa hilo, juu ya mifupa ya babu zake, na hakuona ubaya wowote. Kisha ikaja miaka ya giza, hakuna umeme, hakuna mkate, na miti yote ikaishia kwenye majiko ya watu. Pakabaki uwanja wa mbuzi mpaka Hrayr alipokuja na mawaridi yake.

Nilimsomea Shogher. Shogher ni jirani yangu wa mlango kwa mlango na anauza mbegu za alizeti kwenye lango la bustani. Tulikaa dawati moja tukiwa watoto na tangu siku hiyo hatujaacha kubishana. Akasema nimeandika vizuri, lakini nimesahau kuandika kwamba watu wa mji huu hawajawahi kuacha kitu mahali pake.

8 Mei

Mafundi wanaochimba msingi wa jiwe wamekuta jambo. Chini ya udongo wa mawaridi kuna tabaka la tope la kijivu lililoganda, lenye mawe makubwa ya mviringo. Chini ya tope hilo wamekuta tanuri ya mkate, ile ya kuchimbiwa ardhini, nzima, majivu bado yamo. Pembeni yake palikuwa na mtungi umelala ubavu.

Hakuna mtu anayechimba tanuri makaburini. Palikuwa na ua wa nyumba pale, mama fulani alikuwa anaoka, tope likaja. Waliofuata wakajenga kanisa na kuzika wafu wao juu yake bila kujua. Nilimwita Hrayr aone. Akachungulia, akasema nisimletee wataalamu maana wataifunga bustani miaka. Mchana walikuwa wameshamwaga zege.

10 Mei

Jiwe limesimikwa. Hrayr ametaka uso wake uelekee lango, ili anayeingia auone na wageni wapige picha. Lango liko mashariki. Maana yake jiwe sasa linatazama mashariki, na anayesimama mbele yake kuomba anatazama machweo.

Shogher aliacha mbegu zake akaja kunishika mkono.

"Knarik, unajua tunapobatizwa tunageuzwa wapi kumkana shetani?"

"Magharibi."

"Basi huyu mtoto wako Hrayr ametutaka tusali tukiwa tumemwangalia shetani."

Nikamwambia jiwe halina macho. Akaniangalia kama anavyoniangalia kila nikisema kitu cha kitabuni.

14 Mei

Wanawake wanasali nyuma ya jiwe. Wanapiga magoti ndani ya mawaridi, uso mashariki, mbele ya ule upande mtupu, na wamebandika mishumaa mpaka mgongo wa jiwe umekuwa mweusi. Mtunza bustani anawafukuza na mpira wa maji. Shogher ndiye kiongozi wao. Nilipita nikawacheka, na nikajiona mjanja siku nzima.

15 Mei

Hakuna mvua. Korongo kimya.

19 Mei

Sijui nianzie wapi. Vahagn amekuja mezani na uso wa mtu aliyeshinda bahati nasibu. Hakulipwa fedha kwa kazi ya jiwe, amepewa kiwanja. Ni cha kwanza kati ya vingi vitakavyogawiwa pale juu, kwenye uwanda ulio chini ya mahali jiwe lilipokuwa. Ataanza na vyumba viwili, wenzake wa machimboni watamsaidia kila jioni, na kabla mtoto hajazaliwa watakuwa wamehamia kwao. Nazeli alilia kwa furaha. Nani asingelia? Tunaishi watu watatu katika vyumba viwili na choo kinachovuja.

Nami nikapika, nikampongeza, nikaenda kulala. Ndipo ikaniingia. Sheria hairuhusu kujenga karibu na jiwe la kale, na ndiyo sababu uwanda ule ulikuwa wa ng'ombe tu miaka yote. Hrayr hakulileta jiwe mjini kwa ajili ya bustani. Bustani ilikuwa pazia, alitaka uwanda. Na mimi ndiye niliyeketi nikimwandikia historia ya pazia lake, nikitafuta maneno mazuri. Nilikasirika mpaka nikawasha taa.

21 Mei

Nimepanda hadi kiwanjani, magoti yananiuma hadi sasa. Uwanda ni mzuri, hilo nisilikatae, unaona mji wote na mlima ule mkubwa ng'ambo ya mpaka. Nyuma yake ni mdomo wa korongo. Wanaliita Kiziwi kwa sababu halina mto, hata jiwe likianguka ndani husikii kitu. Anayeishi kule ni mtu mmoja, Mkrtich mfuga nyuki, mwenye mguu mmoja mbovu, na kibanda chake kiko pembeni, juu ya mwamba.

Vahagn ameshachimba mtaro wa msingi. Niliinama nikatazama ndani. Udongo wa juu kiganja kimoja tu. Chini yake tope la kijivu na mawe ya mviringo.

25 Mei

Nimezungumza naye. Nimemweleza tanuri, tope, kila kitu, polepole kama nilivyokuwa nikimweleza hesabu za sehemu. Alinisikiliza vizuri, mwanangu ana adabu. Kisha akasema hayo ni mambo ya miaka mia ngapi iliyopita, mhandisi wa manispaa amepapitisha, na mto haupo.

"Mama, wewe ndiye uliyenifundisha nisiogope hadithi za mawe."

"Sikuogopeshi na jiwe. Nakuogopesha na tope."

"Tope liko wapi? Nionyeshe tope, niache kujenga."

Nilinyoosha mkono dirishani. Kulikuwa na jua kali na mlima mkavu. Hata mimi nilijiona kichekesho.

1 Juni

Mvua ya mawe imepiga bonde la pili. Wamepoteza zabibu zote. Kwetu halikuanguka hata tone. Kuta zimefika dirishani.

4 Juni

Korongo kimya. Silali vizuri.

7 Juni

Leo nimefanya jambo, na naliandika hapa kwa sababu siwezi kulisema mahali pengine.

Nazeli ni mtoto wa kijijini na anaamini. Hawezi kuingia nyumba mpya bila sadaka, kondoo alishwe chumvi iliyobarikiwa, achinjwe, nyama igawiwe majirani bila kulazwa hadi kesho. Tulikuwa tunachambua mboga. Nikamuuliza, kama mtu asiye na habari, sadaka ataitolea wapi. Akasema mbele ya jiwe, kwa kuwa nyumba iko mahali pa jiwe. Nikanyamaza. Nikachambua. Akaniuliza mbona nimenyamaza.

"Hapana, nawaza tu," nikasema. "Mbele ya jiwe lile utakuwa umetazama magharibi. Na tumbo hilo."

Akaacha kisu. Nikamwona amebadilika rangi. Nikaongeza kwamba mama yangu asingethubutu, angesubiri mpaka ligeuzwe. Mama yangu, aliyecheza dansi juu ya makaburi.

Jioni Nazeli alimwambia Vahagn hahami mpaka jiwe ligeuzwe na sadaka itolewe uso kwa uso. Vahagn alinitazama akitegemea nitamcheka. Nikasema mke wako mjamzito, msikilize. Naye kwa kuwa anampenda, akakubali.

Sina haya. Kama nyumba haina mtu ndani, tope lichukue kuta, basi.

11 Juni

Vumbi. Aprikoti zinaanza kuwa za njano.

15 Juni

Shogher amekusanya watu. Wameenda kwa meya kudai jiwe ligeuzwe, wanawake wote na hata padri nyuma yao. Hrayr alikuwa karibu kukubali, ana uchaguzi mwakani. Akanipigia simu kuniuliza kama mtaalamu.

Nikamwambia jiwe likiguswa tena litapasuka, zege limeshashika mguu wake, na likipasuka gazeti la mkoa litaandika ni nani aliyelipasua. Nilisema kwa sauti ile ya darasani. Akanishukuru sana.

Kwa hiyo sasa mimi na Hrayr ni kitu kimoja. Nimeishi kuyaona.

16 Juni

Shogher amejua ni mimi. Alinikuta kwenye ngazi, mfuko wa mbegu begani.

"Ulinicheka, nikasema ni kawaida yako. Kulikuwa na haja gani ya kutuzuia?"

Nilitaka kumwambia, nikajizuia. Angemwambia Nazeli siku hiyohiyo, Shogher hana siri. Nikamwambia jiwe litapasuka.

"Na lipasuke likitazama linakotakiwa," akasema. Akaingia kwake. Hakunigongea jioni kwa kahawa.

20 Juni

Paa limewekwa. Wenzake Vahagn wamechoma nyama pale juu, moshi tuliuona kutoka barazani.

24 Juni

Mawingu meusi nyuma ya mlima tangu asubuhi, hayasogei. Nimechemsha jamu ya aprikoti peke yangu. Miaka yote tunachemsha mimi na Shogher, yeye anakoroga, mimi natoa kokwa. Nilisikia sufuria yake kupitia ukutani. Naye alikuwa peke yake.

25 Juni

Mawingu yamekwenda. Korongo kimya.

1 Julai

Vahagn hasemi nami sana. Amenunua kitanda cha mtoto, kimeegemea ukuta wa ukumbi, tunakizunguka kwenda jikoni. Nazeli anakifuta vumbi kila siku.

5 Julai, Jumamosi

Nimerudi kutoka sokoni nikakuta bustani imejaa. Vahagn amekuja na winchi bila kumuuliza mtu. Amevunja zege taratibu, akalifunga jiwe kwa kamba laini, akalinyanyua kiasi cha kiganja na kuligeuza. Halikupasuka. Wanawake walikuwa wanaimba. Shogher alikuwa ameweka mkono kwenye jiwe likiwa bado linaning'inia, anatembea nalo kama anayemwongoza kipofu, mpaka uso ukafika magharibi.

Vahagn akaruka chini, akaja akanikumbatia mbele ya wote. "Haya Mama, limegeuka. Umeridhika?"

Nilisema ndiyo. Ningesema nini? Hrayr alifika, akaona umati unashangilia, naye akapiga makofi.

6 Julai

Sadaka ni Jumapili ijayo, kisha wanahamia. Nimefikiria kujifanya mgonjwa. Nimefikiria kumwambia ukweli. Nimefikiria na sikufanya lolote.

9 Julai

Joto limezidi. Mbwa hawabweki. Nazeli ameshapeleka vyombo juu.

11 Julai

Shogher amegonga na kikombe cha kahawa. Akakaa kama vile hakuna lililotokea, akasema jamu yangu ni nyepesi. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

15 Julai

Naandika kwa shida, lakini nisipoandika sasa nitaanza kuisimulia kama wanavyoisimulia wengine.

Jumapili kulikucha kweupe, jua bila upepo. Padri alibariki chumvi, kondoo akalishwa, akachinjwa kwenye kona ya bustani. Nazeli alisimama mbele ya jiwe, uso wake mashariki, mkono tumboni, na alikuwa mzuri ajabu. Tuliweka masufuria makubwa chini ya turubai. Nyama ya sadaka hupikwa kwa maji na chumvi tu, inachukua muda, na watu wakakaa wakazungumza. Vahagn alisema ikishaliwa watapanda moja kwa moja kwao, godoro liko kwenye gari. Nikatazama juu. Wingu lilikuwa limekaa kwenye kichwa cha korongo, dogo, la rangi ya jeraha.

Nyama ilipoiva tukagawa. Kwanza majirani wa nyumba mpya, ndiyo desturi. Na nyumba mpya ina jirani mmoja, Mkrtich mfuga nyuki, asiyeweza kushuka na mguu wake. Vahagn alikuwa amezungukwa na wenzake, anakata mikate. Nikachukua sahani, nikaifunika kwa mkate mwembamba, nikasema naenda mimi. Kusema kweli nilitaka kwenda kuliona wingu kwa karibu.

Shogher akainyakua mikononi mwangu.

"Na magoti hayo utafika Sikukuu ya Maji. Lete. Mimi nina furaha leo, nataka kutembea."

Nikampa. Nilimfungia hata leso kichwani.

Wakati anafika kwa Mkrtich, mvua ya mawe ilianza juu. Kwetu hapakuwa na kitu, jua tu. Mkrtich anasema alimwomba akae, akakataa, akasema sufuria zinamsubiri. Alishuka hatua chache, mawe yakawa makubwa kama mayai, na akakimbilia paa la karibu. Lilikuwa paa la mwanangu. Mlango ulikuwa umeachwa wazi tangu vyombo vilipoingizwa.

Mkrtich anasema kwanza nyuki walinyamaza. Kisha korongo likaanza kuunguruma kama malori yanayopanda mlima yakiwa na mzigo, mbali, na sauti ile ilikaa kwa muda, muda wa mtu kuvaa viatu na kutoka. Kama angekuwa na mguu mzima, anasema, angemfikia. Alipiga kelele, lakini mvua ya mawe ilikuwa inapiga bati, na ndani ya nyumba ile hakuna ambacho mtu angesikia.

Sisi bustanini tulisikia mlio, tukadhani ni radi. Kisha tukaona uwanda unatembea.

Tope halikufika mjini. Lilitandaa kwenye uwanda, kwenye viwanja vyote vipya, likasimama. Katika nyumba ya Vahagn ilibaki pembe moja ya paa. Alikimbia mpaka juu, akachimba kwa mikono, wanaume wote wakachimba. Walimtoa Shogher kabla ya giza. Nilimwosha mimi. Tope lilikuwa la kijivu, na masikioni halikutoka.

16 Julai

Tumemzika. Ngazi nzima ya jengo letu iko kimya. Jioni nilisimama mlangoni kwake na kikombe cha kahawa kama mjinga.

18 Julai

Mji wote unasema jiwe limefanya muujiza. Wanaeleza hivi: lilipogeuzwa uso lilipata nguvu zake, likawaita Vahagn na Nazeli chini siku ileile, saa ileile, likazuia tope lisifike mjini. Na Shogher? Shogher, wanasema, alikwenda kwa niaba yao. Wanasema wakijipiga ishara ya msalaba. Nilimwambia padri kwamba tope lilisimama pale kwa sababu ndipo mteremko unapoisha. Akasema na mteremko umewekwa na Mungu. Nikatoka.

27 Julai, Sikukuu ya Maji

Bustani imefunguliwa. Watoto walikuwa wanamwagiana maji kwa ndoo, wakubwa pia, na kila ndoo ilipomwagika nilishtuka. Hrayr alisoma historia yangu. Niliongeza ukurasa baada ya mazishi: tanuri, tope, sheria, uwanda, na sentensi moja kwamba jiwe lilipokuwa mahali pake hakuna aliyewahi kujenga chini yake. Ukurasa huo hakuusoma. Badala yake alisoma kuhusu jiwe lililookoa familia changa, watu wakapiga makofi, na Nazeli akasukumwa mbele aonekane.

Nilimngoja Hrayr nyuma ya jukwaa. Nilimwambia anirudishie jiwe kwenye mdomo wa korongo, ili asipatikane mwingine wa kujenga. Akanishika bega.

"Mwalimu, sasa hivi nikiligusa jiwe hili watanipiga mawe mimi."

Na katika hilo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alikuwa sahihi.

30 Julai

Manispaa imempa Vahagn saruji. Anajenga palepale. Tope limesawazishwa, anasema, sasa ni imara zaidi, na jiwe linatazama.

Nimemwambia ukweli. Nilimketisha, nikamwambia ni mimi niliyemtia Nazeli hofu ya kutazama magharibi, na mimi ndiye niliyemzuia Hrayr, kwa sababu nilitaka nyumba ikae tupu. Nikamwambia hakuna kilichowaita chini isipokuwa kondoo achelewaye kuiva. Nikamtaja na Shogher.

Nilidhani atanikasirikia, na ningeshukuru. Badala yake alipiga magoti, akanibusu mikono yote miwili.

"Basi lilikutumia wewe, Mama," akasema. "Hata usiyeamini, lilikutumia."

3 Agosti

Nazeli ameamua mtoto akiwa wa kiume ataitwa Khachik, yaani msalaba mdogo. Ananitazama siku hizi kama mtu aliyetokewa na malaika. Ananipisha kiti.

5 Agosti

Nimekwenda kwa mhandisi, kwa padri tena, kwa mkuu wa machimbo. Wote wananipa chai. Nilikuwa na neno moja tu la kumzuia mwanangu, jiwe, na nimeshalitumia, na sasa ndilo linalomwita juu.

10 Agosti

Kuta zimepita dirisha. Familia nyingine mbili zimeomba viwanja.

17 Agosti

Leo Vahagn amenionyesha ramani iliyochorwa kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Safari hii ni vyumba vitatu, kimoja ni changu kama nikitaka, cha mbele, chenye jua na mandhari ya mji. Alisema kwa woga kidogo, akijua nitakataa.

Sikukataa. Nimemwambia nahama nao siku wanayohama, lakini chumba cha mbele awekwe mtoto. Mimi nataka kile cha nyuma, kinachopakana na korongo. Kitanda kikae chini ya dirisha, viatu vyangu karibu, na bati la upande ule aweke mbao juu yake, mvua isipige kelele nikashindwa kulisikia korongo.